Kubuni kifaa cha kisayansi cha roketi ya utafiti: mwongozo kwa timu za wanafunzi Nairobi

Roketi ya utafiti haizunguki dunia kama setilaiti. Hupanda, hufika kilele, kisha hurudi kwa parachuti, na safari nzima huisha katika robo saa hivi. Ndani ya muda huo kifaa chenu hupata takriban dakika mbili za kuelea bila uzito, na sekunde chache tu katika kila tabaka la hewa. Katika mashindano ya wanafunzi, ushindi huenda kwa timu iliyouliza swali linalojibika kwa sekunde hizo, ikatengeneza kifaa cha kulijibu, kisha ikakitesa mezani mpaka kikaacha kuharibika.

Yanayofuata yameandikwa kwa timu ya watu wanne hadi sita inayofanya kazi Nairobi kwa vifaa na karakana za hapa.

Swali kwanza, kihisi baadaye

Timu nyingi huanzia Luthuli Avenue: hununua kihisi kilichopo dukani, halafu hutafuta sababu ya kukirusha. Majaji hulitambua hilo katika ukurasa wa kwanza wa pendekezo. Andikeni sentensi moja yenye namba kabla ya kununua chochote: tutapima nini, kati ya kimo gani na gani, kwa kosa lisilozidi kiasi gani. Sentensi hiyo ikikosa namba, kila uamuzi unaofuata utakuwa wa kubahatisha.

Pendekezo linalorudi kila mwaka ni la kupima joto la hewa mpaka kilomita 80. Ni dhaifu kwa sababu mbili. Kwanza, Idara ya Hali ya Hewa huko Dagoretti Corner hurusha maputo yanayopima joto hadi karibu kilomita 30, kwa gharama ndogo na kwa usahihi ambao kihisi chenu hakitaufikia. Pili, juu ya hapo hewa ni nyembamba mno kukipasha au kukipoza kihisi. Mtakuwa mnapima joto la bodi yenu na la ganda la roketi, ambalo kwa msuguano hupita nyuzi 100.

Mfano wenye nguvu zaidi ni wa mionzi inayotoka angani. Mrija wa Geiger, kihisi kinachotoa mpigo wa umeme kila chembe ya mionzi inapokipita, ukiwa wa aina ya SBM-20 huhesabu takriban chembe 20 hadi 30 kwa dakika mezani. Ukipanda, hesabu huongezeka mpaka kimo cha kilomita 15 hadi 20 hivi, mahali panapoitwa kilele cha Regener-Pfotzer, kisha hupungua. Sasa fanyeni hesabu ambayo timu nyingi huiruka. Roketi hupita hapo kwa kasi ya karibu kilomita moja kwa sekunde. Tuseme mrija unahesabu chembe 10 kwa sekunde. Katika tabaka lenye unene wa kilomita 10 mtapata hesabu 100. Kosa la kitakwimu ni kipeuo cha pili cha hesabu, kwa hiyo 100 inabeba kosa la 10, yaani asilimia 10. Mkitaka asilimia 5 mnahitaji hesabu 400: mirija minne badala ya mmoja, au mchanganyiko wa data ya kupanda na ya kushuka, wakati hewa inapoipunguzia roketi mwendo. Hesabu hii ya mistari mitano ndiyo inayoamua ukubwa wa kifaa, uzito wake na bei yake. Iwekeni mwanzoni kabisa mwa pendekezo.

Mahali pa kurushia nako hubadilisha jibu. Karibu na ikweta, uga wa sumaku wa dunia huzirudisha protoni zinazokuja wima zikiwa na nishati iliyo chini ya takriban gigaelektronivolti 14 (kipimo cha nishati ya chembe). Kule Esrange, karibu na Kiruna kaskazini mwa Uswidi, zuio hilo ni dogo sana. Anayechukua data ya Uswidi kukadiria kitakachotokea juu ya Malindi atatarajia hesabu nyingi kuliko atakazopata. Tofauti hiyo yenyewe ni swali zuri la kisayansi, na timu ya Kenya ina haki zote za kuliuliza.

Kwa wanaodhani kuhesabu chembe ni kazi ya watoto: Juni 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha vihesabio vya Geiger kwa roketi ya utafiti ya Aerobee kutoka White Sands, Marekani. Walikuwa wakitafuta miale ya eksi kutoka mwezini. Roketi ikizunguka, vihesabio viliifagia anga na kukuta chanzo kikali nje ya mfumo wa jua, Scorpius X-1. Kazi iliyoanzia hapo ilizaa setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya siku hiyo. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Vihesabio vilikuwa vya kawaida. Swali, na hesabu iliyoonyesha kwamba linajibika kwa dakika chache, ndivyo vilivyobeba kazi.

Someni masharti kama mkataba

Kila shindano lina kitabu chake cha masharti, na kila roketi ina tabia zake. Ili mpate picha: mpango wa REXUS wa Ulaya hurusha vifaa vya wanafunzi hadi kimo cha kilomita 75 mpaka 90, mchapuko ukifika karibu g 20 (mara ishirini ya mvuto wa dunia) na roketi ikizunguka karibu mara 4 kwa sekunde mpaka izuiwe. Mpango wa RockSat-C wa Marekani hutumia roketi ya Terrier-Improved Orion kutoka kituo cha Wallops, Virginia, hadi takriban kilomita 115, na g 25 hivi. Mipango hii ina masharti ya nani anaruhusiwa kushiriki, basi thibitisheni hilo kabla ya kuandika neno. Hata hivyo vitabu vyao vya masharti ni shule nzuri kwa timu yoyote.

Mkisoma, toeni namba hizi na mzibandike ukutani: uzito wa juu, kipenyo na kimo cha nafasi mliyopewa, kitovu cha uzito kinaruhusiwa kupotoka kiasi gani kutoka mhimili wa roketi, umeme unatoka kwenye roketi au kwenye betri zenu, kifaa kinawashwa lini na nani, na ishara ya kuondoka inakujaje. Halafu orodha ya marufuku: betri za lithiamu, vyombo vya shinikizo, leza, vyanzo vya mionzi, volteji ya juu. Kitu kikiwa kwenye orodha hiyo na bado mnakihitaji, ombeni ruhusa kwa maandishi wiki ya kwanza. Kifaa kizuri kilichokataliwa na ofisa wa usalama mwezi wa mwisho hakina rufaa.

Uzito, umeme, data

Uzito: andikeni kila kitu, mpaka skrubu na gundi. Katika mapitio ya kwanza ya usanifu, yale yanayoitwa PDR, acheni asilimia 20 ya uzito bila kutumika. Katika mapitio ya mwisho, CDR, asilimia 10. Waya na viunganishi ndivyo husahaulika, navyo huweza kufika gramu 150 katika kifaa cha kilo moja.

Umeme: maikrokontrola (kompyuta ndogo ya kifaa) miliampia 60, vihisi 25, kadi ya kumbukumbu hadi 80 inapoandika, saketi ya volteji ya juu 30. Jumla ni karibu 200. Kifaa huwashwa kabla ya kurushwa, na hesabu ya kurudi nyuma huweza kusimamishwa kwa ajili ya upepo au meli iliyoingia eneo la kuangukia. Wekeni saa mbili: miliampia-saa 400. Zidisheni kwa mbili kwa ajili ya baridi na uchakavu: 800. Betri ya mraba ya volti 9 ya alkalini huishiwa mapema kwa mzigo huo. Seli sita za NiMH, zile za kuchajiwa upya, za ukubwa wa AA, miliampia-saa 2,000, hutoa volti 7.2 kwa gramu 170 hivi, na ni rahisi kuruhusiwa kuliko lithiamu.

Nunueni seli zenye ndimi za kulehemu. Kishikio cha betri chenye springi ni chanzo cha kufeli kinachojulikana sana: roketi ikisukuma kwa g 20, seli huibonyeza springi, mguso hukatika kwa milisekunde chache, na kompyuta huzima na kuwaka upya katikati ya sehemu muhimu kuliko zote.

Data: akselerometa (kihisi cha mchapuko) ya mihimili mitatu, biti 16, ikisomwa mara 800 kwa sekunde, hutoa baiti 4,800 kila sekunde. Ongezeni shinikizo la hewa, joto, hesabu za mrija na muhuri wa saa, mfike kama 5,000. Chipu ya kumbukumbu ya flashi ya megabaiti 16, kwa mfano W25Q128, hujaa kwa dakika 56. Safari ni ya robo saa, kwa hiyo inaonekana inatosha kabisa. Lakini programu ikianza kurekodi mara tu kifaa kinapowashwa, na urushaji ukaahirishwa kwa saa moja, roketi itaondoka kumbukumbu ikiwa imejaa data ya kifaa kilichosimama. Suluhisho limo katika sehemu ya programu.

Vihisi vinavyodanganya

BMP280, kihisi cha shinikizo kilicho karibu kila duka, mwisho wake ni hektopaskali 300, yaani kilomita 9 hivi. Juu ya hapo bado hutoa namba, ila namba hizo hazina maana. MS5611 hushuka mpaka hektopaskali 10, karibu kilomita 31. Zaidi ya hapo tegemeeni rada ya waandaaji au hesabu ya mwendo.

MPU-6050, akselerometa, huishia g 16. Mota ikisukuma kwa g 20, grafu yenu itakuwa na kilele kilichokatwa bapa. ADXL375 hufika g 200 lakini hatua yake moja ni karibu g 0.049, kubwa mno kwa kupima hali ya kutokuwa na uzito. Wekeni vyote viwili, kimoja cha kupanda na kingine cha kuelea.

Vipokezi vya kawaida vya GPS huacha kutoa mahali vikizidi kilomita 18 au mita 515 kwa sekunde, kwa sababu ya mipaka ya udhibiti iliyowekwa na watengenezaji. Msijenge saa ya kifaa juu ya GPS.

Akselerometa ikae karibu na mhimili wa roketi. Roketi ikizunguka mara 4 kwa sekunde, kihisi kilicho sentimita 10 kutoka mhimili huhisi g 6.4 kuelekea nje, na kitu mnachotaka kupima humezwa humo.

Volti 400 katika hewa nyembamba

Sehemu hii inastahili muda kuliko nyingine zote, kwa sababu kosa lake halionekani Nairobi hata mkiwasha kifaa mwezi mzima.

Mrija wa Geiger unahitaji volti 400. Mezani, pengo la sentimita moja la hewa huhimili maelfu ya volti bila cheche. Hewa ikipungua, uwezo huo hushuka. Kwa hewa, kiwango cha chini kabisa ni takriban volti 327, na hufikiwa pale shinikizo likizidishwa kwa upana wa pengo linapotoa thamani maalumu: kwa pengo la sentimita moja ni kama hektopaskali 0.76, yaani karibu kilomita 50. Kwa pengo la milimita moja ni mara kumi ya shinikizo hilo, karibu kilomita 33. Ndiyo Sheria ya Paschen. Maana yake ni kwamba kati ya kilomita 30 na 70 hivi, pini za mrija, viungo vya solda na miguu ya transfoma vinaweza kuanza kuvujisha umeme hewani. Juu zaidi, hewa ikiisha kabisa, hatari hupungua tena.

Dalili zake ni hatari kwa sababu zinapendeza. Hesabu zinapanda ghafla katika kimo fulani, zinatulia karibu na kilele, kisha zinapanda tena katika kimo kilekile wakati wa kushuka. Ulinganifu huo hufanana na ugunduzi. Jaji mwenye uzoefu ataomba grafu ya volteji ya mrija yenyewe dhidi ya muda, basi irekodini kupitia vigawanya-volteji vya megaomu nyingi.

Kuna njia nne za kujikinga. Ya kwanza, na ndiyo tunayoipendekeza, ni kuzamisha saketi yote ya volteji ya juu ndani ya silikoni. Angalieni aina: silikoni nyingi za kuziba vioo katika maduka ya vifaa vya ujenzi hunuka siki zinapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Tafuteni isiyo na asidi, inayoandikwa kuwa ni nyutro. Mimineni kwa tabaka nyembamba, milimita 3 kwa siku, mkitoa mapovu kwa pampu ya vakyumu kabla haijakauka. Povu lililobaki ndani ni pengo dogo la hewa ambalo taratibu litavuja na kufikia shinikizo lile baya. Tabaka moja nene lililomiminwa usiku wa mwisho hukauka nje na kubaki bichi ndani.

Ya pili ni kisanduku kisichovuja chenye hewa ya kawaida na pete ya mpira. Hufanya kazi vizuri, ila mashindano mengi hukihesabu kuwa chombo cha shinikizo. Ya tatu ni kuzima volteji ya juu kati ya kilomita 25 na 75, na kupoteza data ya hapo. Ya nne ni kuacha mrija na kutumia fotodayodi (kihisi cha mwanga kinachohisi pia mionzi) kama BPW34, inayoridhika na volti 12 hadi 30. Lakini eneo lake ni milimita mraba 7.5 tu, dogo mara mia moja na zaidi kuliko la mrija. Rudini kwenye hesabu ya kipeuo cha pili muone mtahitaji ngapi. Nayo lazima ifunikwe isipate mwanga hata kidogo.

Ujenzi

Bamba la kubebea kila kitu liwe alumini ya 6061, unene wa milimita 5. Mabaki ya alumini ya madirisha ni laini zaidi na hupinda. Ulizeni ni alumini ya daraja gani kabla ya kulipa. Mafundi wa Kamukunji na wa Industrial Area watakata na kutoboa vizuri mkiwapa mchoro wenye vipimo kwa milimita. Kwa mashimo yanayopaswa kulingana na yale ya roketi, tafuteni mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, katika chuo au karakana ya pamoja kama Gearbox. Tofauti ya nusu milimita huweza kuwazuia kufunga kifaa siku ya ukaguzi.

Bredibodi na waya za kuchomeka ni za majaribio ya mezani tu. Tengenezeni bodi ya saketi halisi, mkiagiza mapema, maana kutoka nje huchukua wiki kadhaa pamoja na forodha. Bodi ya sentimita 10 kwa 10 ishikwe kwa nguzo tano za M3, nne za pembeni na moja katikati. Bila ya katikati bodi hupepea na solda hupasuka. Kapasita za elektroliti, zile zenye kimiminika ndani, zitoeni, kwa kuwa katika ombwe (mahali pasipo hewa) huvimba na kuvuja. Tumieni za kauri au tantalamu ngumu. Kila kitu kirefu au kizito, kama koili na transfoma, kigandishwe kwa epoksi. Gundi ya moto haifai: hulainika kabla roketi haijamaliza kupata joto.

Nati ziwe za pete ya nailoni, au nyuzi zipakwe gundi ya kuzuia kulegea. Mkishakaza, choreni mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bamba. Mstari ukikatika baada ya jaribio, mnajua bolti ipi imesogea bila kugusa spana.

Waya ziwe za nyuzi nyingi, kwa sababu waya ya uzi mmoja huchoka na kukatika penye solda. Zifungwe kila sentimita 4, na zisivutwe penye kiunganishi. Kadi ya kumbukumbu isiwe hifadhi pekee: hutoka kwenye soketi kwa mshtuko wa parachuti. Flashi iliyolehemiwa kwenye bodi ndiyo kumbukumbu kuu, kadi ni nakala.

Regyuleta ya kawaida inayoshusha volti 9 hadi 5 kwa miliampia 200 hutoa joto la wati 0.8. Mezani inakuwa moto tu. Katika ombwe hakuna hewa ya kuipoza, na huweza kujizima yenyewe. Ibaneni kwenye bamba la alumini, kwa karatasi ya kupitisha joto katikati.

Programu

Programu ijaze kumbukumbu ya duara yenye sekunde 10 za mwisho, ikiandika juu ya za zamani, mpaka itambue kuondoka. Kutambua: ishara ya waandaaji ikiwepo, au mchapuko uliozidi g 4 kwa sekunde 0.3 mfululizo. Sampuli moja haitoshi, kwa maana fundi akigonga kasha kwa bisibisi kifaa kitadhani kimerushwa. Baada ya hapo iandike moja kwa moja kwenye flashi kwa dakika 20, kisha inyamaze.

Ikiwaka, programu isifute chochote kamwe. Itafute ukurasa wa mwisho ulioandikwa na kuendelea mbele yake. Timu zinazoweka amri ya kufuta mwanzoni mwa programu hupoteza safari nzima umeme ukikatika kidogo angani. Kufuta kufanyike kwa amri kutoka kompyuta, kwa neno maalumu.

Kadi ya kumbukumbu huweza kusita robo sekunde na zaidi inapoandika. Kwa baiti 5,000 kwa sekunde, hifadhi ya muda ya kilobaiti 8 inawatosha. Hifadhini faili kila sekunde, maana faili isiyofungwa mara nyingi husomeka kuwa tupu. Wekeni pia kipima-muda cha ulinzi cha sekunde 2 kitakachoiwasha upya programu ikikwama.

Kukitesa kifaa Nairobi

Urekebishaji wa mrija hauhitaji chanzo cha maabara, ambacho kingewapeleka kwenye vibali vya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Nendeni kwa agroveti mkanunue mbolea ya potashi, ile ya kloridi ya potasiamu. Kila gramu ya kloridi safi ina takriban bekereli 16 za potasiamu-40, kiasi cha asili kabisa. Funganyeni nusu kilo katika mfuko bapa, uviringisheni mfuko huo kuuzunguka mrija, na mhesabu kwa saa moja na mfuko, saa moja bila mfuko. Rudieni baada ya kila jaribio la mtetemo: tofauti ikibadilika kuliko kosa la kitakwimu linavyoruhusu, kuna kitu kimeharibika.

Kihisi cha shinikizo kilinganisheni na kipimo cha Dagoretti Corner, kisha kipandisheni matatu mpaka Limuru, zaidi ya mita 2,200. Kumbukeni kwamba shinikizo la Nairobi ni karibu hektopaskali 830, siyo 1013. Programu iliyoandikwa kwa mfano wa usawa wa bahari itawaambia mko angani kabla hamjaondoka.

Kwa ombwe, mafundi wa friji wana pampu za hatua mbili zinazoshuka chini ya hektopaskali 1, na hapo ndipo penye hatari ya Paschen. Chombo kiwe kipande cha bomba nene la chuma chenye kifuniko cha akriliki cha milimita 20. Sufuria ya kawaida isijaribiwe: kwa kipenyo cha sentimita 30, hewa ya Nairobi hukandamiza kifuniko kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 600 hivi. Vaeni miwani ya kinga. Shusheni hewa polepole, kwa dakika 5, kifaa kikiwa kimewashwa na volteji ya juu ikirekodiwa, taa za chumba zikiwa zimezimwa. Mwanga wa zambarau kwenye pini ni uvujaji. Sasa mnajua pa kuongeza silikoni.

Mchapuko hupimwa kwa mkono unaozunguka. Kifaa kikiwa nusu mita kutoka katikati, mizunguko 190 kwa dakika hutoa g 20. Uzio wa mbao nene uzunguke eneo lote, na mtu yeyote asisimame katika usawa wa mkono. Zungusheni dakika moja kwa kila mhimili.

Mtetemo ni mgumu zaidi. Roketi hutetema kwa nasibu kati ya hezi 20 na 2,000, na meza ya kuiga hilo hupatikana katika maabara chache za uhandisi mitambo. Andikeni barua ya maombi miezi mitatu kabla. Msipoipata, mashine ya msasa iliyofungwa kwenye bamba itafichua skrubu iliyolegea na solda mbovu. Katika ripoti semeni wazi kwamba ni jaribio la kutafuta kasoro, siyo uthibitisho. Majaji huheshimu kauli hiyo.

Mwisho fanyeni zoezi kamili mara tatu: mtu asiye wa timu asome hatua kutoka karatasini, awashe, asubiri saa moja, atikise, asubiri dakika 20, azime, kisha data isomwe. Akisita popote, karatasi ndiyo ina kosa. Kama mnataka kujaribu kwa puto lisilofungwa au roketi ndogo, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kinatangulia, na sehemu kubwa ya jiji iko karibu na Wilson, Jomo Kenyatta na kambi ya Eastleigh. Kisambaza redio nacho ni suala la Mamlaka ya Mawasiliano. Ikiwa shindano halikulazimishi kutuma data kwa redio, usiiweke.

Kusafirisha, na baada ya kutua

Jengeni vifaa viwili vinavyofanana. Cha pili ndicho cha vipuri. Barua ya chuo yenye orodha ya vitu, thamani na namba zake iambatane na mzigo, ikisema ni vya utafiti na vitarudi Kenya, ili forodha isiwatoze mkirudi. Betri ziondoeni kwenye kasha. Mbolea ibaki nyumbani.

Roketi ikirudi, msiwashe kifaa. Pigeni picha kila upande, angalieni mistari ya rangi ya kucha, kateni betri. Kama kimelowa maji ya bahari, kisuuzeni kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri za gari, yasiyo na asidi, kisha kikauke siku mbili kabla ya umeme wowote kupita. Someni flashi kwa umeme wa nje, nakilini data ghafi yote, kurasa tupu zikiwemo, na wekeni nakala mbili kwa watu wawili tofauti. Ndipo mchore hesabu za kupanda na za kushuka kwenye grafu moja dhidi ya kimo, na volteji ya mrija chini yake kwa kipimo kilekile cha muda.